Dulcamara anauza dawa, lakini kwaya ndio inaifanya ifanye kazi

Watu wa kanisa na majirani wameniuliza sana ile kitu tumekuwa tukiimba ni nini hasa, wengine walikuja wakaona, wengine waliniskia tu nikirudia rudia maneno ya Kiitaliano nikianika nguo, basi wacha niandike yote hapa mara moja, na itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, juu hii kitu imenishika roho na sitaki kuisema nusu nusu.

Ni opera ya vichekesho, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, inaitwa L'elisir d'amore, hadithi ya dawa ya mapenzi. Aliitunga Gaetano Donizetti na ikaimbwa mara ya kwanza Milano tarehe 12 Mei 1832, kwa ukumbi ulioitwa Teatro della Canobbiana. Maneno ni ya Felice Romani, ambaye alichukua hadithi ya Mfaransa Eugène Scribe iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu nyuma, akaifanyia kazi haraka, na Donizetti naye akaandika muziki kwa wiki chache tu. Wiki chache! Na bado inaimbwa hadi leo.

Kikundi chetu ni kidogo. Waimbaji wakuu ni wachache, wale wamesomea sauti, halafu kwaya ni sisi, watu wa kwaya za kanisa kutoka Umoja, Kawangware, Rongai, Kahawa, kila mtu na kanisa lake na kazi yake, tunakutana jioni na Jumamosi. Orkestra nzima hatuna. Tulikuwa na piano, fidla kadhaa, filimbi, tarumbeta moja na basuni moja, ile filimbi ndefu ya mbao ya sauti nzito, na hiyo basuni nitarudi kwayo.

Hadithi iko hivi. Kuna kijana anaitwa Nemorino, hana mali yoyote, anampenda Adina, na Adina ana shamba lake na anajua kusoma, kwa hivyo opera ikianza unampata akiwasomea wafanyakazi wakipumzika kwa kivuli, anawasomea habari ya Tristan na malkia aliyemkataa hadi wakanywa dawa fulani wakapendana. Nemorino akiskia hivo tu anajiambia hiyo dawa nikiipata mimi nimemaliza. Kabla apate nafasi ya kusema kitu anaingia sajini Belcore na wanajeshi wake, mtu wa kujipenda sana, anampa Adina maua mbele ya kila mtu na kutaka waoane. Adina anacheka tu. Halafu anaingia daktari.

Hapo ndo mtu wa Nairobi anakaa wima kwa kiti.

Kama umewahi panda basi ya usiku pale Machakos Country Bus unajua. Basi haijajaa, dereva hajaingia, na kabla uweke begi yako juu kuna jamaa amesimama katikati na mkoba wake, anawasalimia abiria kwa heshima, anaahidi hatachukua muda wenu mwingi, anawaombea safari njema, alafu anaanza. Minyoo. Mgongo. Macho kuwasha. Meno. Na bei ya duka la dawa ni hii, lakini leo juu ni nyinyi, nawapatia na hii. Daktari Dulcamara ndio huyo. Anafika kijijini na gari limepakwa dhahabu, tarumbeta inampigiwa, watu wanaanza kubishana kama ni baroni ama ni mtu mkubwa zaidi ya hapo, na yeye akifungua mdomo hafungi tena.

Chupa ni moja. Chupa hiyo inatibu meno. Hiyo hiyo inaua panya na kunguni! Inainua waliopooza, inatibu wenye pumu, wenye kisukari, wenye ini, kuna mzee wa miaka 70 mgonjwa mgonjwa aliitumia akawa babu wa watoto 10, na mama mwenye makunyanzi akijipaka anarudi usichana. Alafu ile mwisho kabisa, Ulaya nzima inajua ninauza bei ya juu, lakini kwa vile mimi ni mzaliwa wa hapa hapa, nyinyi ni lira 3 tu. Haya yote yameandikwa na Romani mwaka wa 1832, hatukuongeza hata neno. Mwelekezi wetu alitusomea hiyo orodha kwa Kiswahili siku ya kwanza ya mazoezi na mzee mmoja wa besi akasema "huyu mimi namjua, yuko Muthurwa", na kuanzia siku hiyo hakuna mtu alituelezea tena opera ni nini.

Na dawa ya mapenzi yenyewe haiko mbali pia. Tembea tu uangalie nguzo za stima, karatasi zimebandikwa moja juu ya nyingine, mganga kutoka Pemba, kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kupata kazi, kurudisha mali iliyoibwa, namba ya simu chini. Watu wanapiga hizo namba. Kama hakuna mtu alikuwa anapiga hizo karatasi zingekuwa zimeisha kitambo.

Nemorino anamuuliza daktari kama ana ile dawa ya kwa kitabu cha Adina, na Dulcamara kwanza hajui anaulizwa nini, alafu akishika anasema eeh, mimi ndio mtengenezaji wake. Anamuuzia chupa ya divai ya Bordeaux na kuchukua pesa yote kijana alikuwa nayo, na anamwambia itafanya kazi baada ya siku moja, juu siku moja inamtosha yeye kutoroka kijiji. Nemorino anakunywa, anachangamka, anaimba la la la, na kwa vile anajua kesho Adina atakuwa wake leo hana haja naye, hata hamwangalii. Adina anaumia. Hajazoea kupuuzwa na huyu. Kwa hasira anamkubali sajini, harusi baada ya siku 6, lakini barua inakuja kwamba wanajeshi wanaondoka kesho asubuhi, basi harusi inakuwa leo. Nemorino anaomba, jamani ngojeni mpaka kesho tu, na hawezi kuwaambia ni kwa nini. Kijiji chote kinamcheka.

Na hicho kijiji ni sisi. Kwaya.

Sasa hii ndio kitu nataka kusema, na nimeibishania sana kwa mazoezi. Watu wengi, hata wenye wanapenda opera, wanaona kwaya ni wa kujaza nafasi, wanaingia na nguo za kijijini, wanaimba kwa nguvu, wanatoka, ndio waimbaji wakuu wafanye kazi. Kwa hii opera haiko hivo hata kidogo. Ile dawa ni divai. Haifanyi chochote. Kila kitu dawa inaonekana imefanya, ni watu wameifanya. Nemorino anaamini daktari juu ameona kijiji kizima kimetoa pesa, kama sisi kwaya tungesimama hapo bila kuamini, tukiangalia mwalimu wa kwaya tu na mikono imekunjwa, basi Nemorino anaonekana mjinga na Dulcamara anaonekana mtu anaongea peke yake barabarani. Lazima tuamini. Lazima mama mmoja aguse mgongo wake wakati mgongo unatajwa, mwingine amsukume mumewe mbele, mwingine ahesabu sarafu ndani ya leso na azirudishe na azitoe tena. Mwelekezi alitupatia kila mtu ugonjwa wake. Mimi nilipewa meno. Nilikaa na hayo maumivu ya meno kwa wimbo wote, na nawaambia kuna wakati daktari alininyooshea ile chupa na nikaitaka kabisa.

Alafu kwa sehemu ya pili ndio kazi yetu kubwa.

Nemorino ameishiwa pesa na anataka chupa nyingine, daktari hakopeshi, kwa hivyo anajiandikisha jeshi kwa Belcore ndio alipwe scudi 20. Anauza maisha yake kwa sababu ya chupa ya divai. Na wakati huo huo, mahali pengine kijijini, msichana anaitwa Giannetta ameskia kitu kutoka kwa mchuuzi: mjomba wa Nemorino amekufa na amemwachia mali yote, yule kijana sasa ndio tajiri kuliko kila mtu pale. Lakini hii ni siri. Asiambiwe mtu. Na wanawake wote wa kwaya wanaimba "inawezekana?", "inawezekana kabisa", "sitasema", "usiseme", kwa sauti ya chini kabisa, haraka haraka, silabi fupi fupi, na wanaahidiana kunyamaza huku habari inapita kutoka mdomo hadi mdomo.

Huo wimbo ulitusumbua kuliko wowote. Kuimba kwa nguvu tunajua, kanisa limetufundisha, lakini kuimba kwa kunong'ona na maneno yaskike hadi kiti cha nyuma, na piano inakimbia chini yako, na usiongeze sauti hata umesisimka namna gani, hiyo ni kazi ya tumbo na midomo. Mwalimu wa kwaya wetu alisimamisha piano akatuangalia akasema, "Akina mama, nyinyi si mnajua kusengenya? Mbona hapa mnasoma kama matangazo ya kanisa?" Dada mmoja wa soprano akamjibu "Mwalimu, umbea hauna kuhesabiwa moja mbili tatu nne," na Mwalimu akasema hapo ndipo kuna siri yote, huu wa Donizetti umehesabiwa.

Mwelekezi akaja na wazo nzuri sana. Akatutoa kwa mistari tuliyozoea, akatuweka kwa foleni ya maji. Mitungi ya njano ya lita 20, bomba moja, wanawake wamesimama wakingoja. Sasa kila mtu alijua mwili wake uende vipi. Unainamia mtungi unamwambia wa mbele, wa mbele anageuka, wa nyuma anasogea asikie, foleni inavunjika bila mtu kujua imevunjika. Tuliimba mara moja hivo na hakuna mtu alitukatiza.

Kisha Nemorino anaingia, amekunywa chupa ya pili, na wasichana wote wanamzunguka, wanamwinamia, wanataka kucheza naye. Hajui kuhusu mjomba. Hakuna mtu amemwambia! Anaona tu wasichana na anasema basi dawa imeshika. Dulcamara anafika anaona wasichana wamemng'ang'ania huyu kijana, na hata yeye, aliyejaza divai kwa chupa kwa mikono yake, anaanza kujiuliza kama kweli anauza kitu. Adina anaona pia. Watu watatu wanaangalia kitu kimoja na kila mmoja anakielewa vyake, na wenye wanajua ukweli ni kwaya peke yake. Mimi sijui kama kuna opera ingine ya vichekesho inaipa kwaya siri ya namna hii ikae nayo jukwaani huku waimbaji wakuu wakitapatapa.

Nilipojua maisha ya Donizetti nilielewa kidogo hii inatoka wapi. Alizaliwa Bergamo mwaka wa 1797, familia maskini, baba yake alikuwa mlinzi wa nyumba ya rehani ya mji. Mwaka wa 1806 Mjerumani mmoja, Simone Mayr, alikuwa ameanzisha shule ya muziki ya bure pale mjini kuwafunza vijana wa kuimba kwa kanisa la Santa Maria Maggiore, na Gaetano mdogo akachukuliwa. Sauti yake yenyewe haikuwa ya kusifiwa na karibu atolewe, lakini Mayr aliona kichwa chake kiko na muziki akasimama naye. Baadaye huyo mtoto akaandika opera karibu 70. Alianzia kwa kwaya ya kanisa, shule ya bure, kwa mwalimu aliyekataa kumwachilia. Mtu wa Nairobi akiskia hivo anafikiria Korogocho moja kwa moja, pale St. John's ambapo Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka wa 2008 na watoto wanaoishi karibu na jaa la Dandora wanajifunza fidla na tarumbeta.

Ndio maana nikiskia mtu anasema hii si yetu nashindwa kunyamaza. Sisi ni watu wa kwaya. Tamasha la muziki la Kenya liko tangu 1927, na mtu yeyote aliyepitia kwaya ya shule hapa amewahi simamishwa kwa uniform iliyopigwa pasi akaimba kwa lugha asiyoijua mbele ya jaji mwenye kalamu. Kilatini tumeimba. Kijerumani tumeimba. Kiitaliano hakikutuogopesha, vokali zake ziko karibu sana na za Kiswahili, a ni a na e ni e, kazi kubwa ilikuwa konsonanti zile za kurudiwa.

Kitu kilikuwa kigumu ni karatasi. Vitabu vya muziki vilikuja na noti za mistari, na nusu ya kwaya yetu, tena nusu iliyo na masikio mazuri kuliko wengine, wanasoma solfa. Mwalimu wa kwaya na wachache wetu tukakaa tukahamisha sehemu zote za kwaya, do re mi fa kwa mkono, sauti nne, alafu fotokopi. Shida ya solfa kwa muziki kama huu ni kwamba funguo inabadilika katikati ya wimbo, na kila ikibadilika lazima do ihamie mahali pengine, noti moja inakuwa na majina mawili pale kwa daraja, na mwisho wa sehemu ya kwanza ambapo kila mtu anaimba pamoja hizo daraja zinafuatana. Ilichukua usiku mwingi. Lakini wazee wa besi waliposhika hizo karatasi waliimba mwisho wote bila kusimama, na waimbaji wakuu, wale wa digrii za muziki, wakageuka kuwaangalia.

Lugha ilikuwa mjadala pia. Tuliamua nyimbo zibaki Kiitaliano na yale maneno ya katikati, ya kuongea ongea na kinanda, yasemwe kwa Kiswahili cha hapa. Kuna wenye walitaka Dulcamara aimbe wimbo wake wote kwa Kiswahili na kwa kweli ningependa, tulijaribu, lakini mistari ya Romani inaisha na maneno yanayokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, na Kiswahili kinakaza ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo kila mstari ulianguka vibaya juu ya muziki. Basi akaimba Kiitaliano, na ikifika kwa bei anashuka kutoka jukwaani na spika ya mkono anawapigia watu hesabu kwa Kiswahili. Siku ya pili mzee mmoja wa mstari wa tatu alitoa noti ya 50 kabisa akainua chupa aangalie. Shosho mmoja nyuma yake akampigia kelele "usinunue, ni muongo huyo!" Hakuna sehemu ya ile jioni nilipenda kuliko hiyo.

Belcore tulimvalisha koti jekundu la kubuni na vifungo vikubwa, juu hapa Kenya raia havai nguo za jeshi ovyo, ni kosa la kisheria, na kusema ukweli lile koti lilimfaa zaidi. Romani mwenyewe aliiweka hadithi kwa kijiji cha Wabasque na watu wameihamisha kila mahali tangu hapo, kwa hivyo hakuna mtu tulimkosea kwa kuileta kwa foleni ya maji.

Sasa Nemorino. Hapa niko na msimamo mkali kidogo. Kuna waelekezi wanamfanya kichekesho, anajikwaa, anavaa suruali fupi, anacheza kama mlevi kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikubali. Ni kweli kwa wimbo wake wa kwanza anasema mwenyewe kwamba yeye ni mjinga asiyejua kitu ila kuvuta pumzi kwa huzuni, lakini sikiliza muziki aliopewa, kwa hii opera hakuna mtu anaimba ukweli kuliko yeye. Pale anaomba Adina angoje siku moja, wengine wote wanacheka na yeye peke yake analia, na Donizetti ameweka kicheko na kilio kwa wakati mmoja, sisi tukimcheka tulikuwa tunaimba juu ya machozi yake. Teno wetu, yule wa sauti ya juu aliyeimba Nemorino, ni mwalimu wa shule ya msingi, anafika mazoezi na chaki kwa shati, na hakumchezea huyu kijana hata dakika moja. Alimwamini.

Na ndio maana Una furtiva lagrima inafanya kazi. Huo ni wimbo wa Nemorino, unaojulikana hata na watu hawajui unatoka wapi. Adina amejua Nemorino alijiuza jeshini kwa ajili yake, na Nemorino ameona chozi kwa jicho la Adina, basi. Opera ya vichekesho inasimama. Basuni inaanza peke yake, na kinubi chini yake, na muziki umeingia kwa ile hali ya huzuni ingawa kijana anaimba kuhusu furaha. Inasemekana Romani hakutaka huo wimbo pale, aliona utasimamisha hadithi, Donizetti akakataa kuutoa. Caruso, yule teno maarufu wa Italia, aliurekodi mwaka wa 1904. Pavarotti, teno mwingine wa Italia, aliimba Nemorino Berlin mwezi wa pili mwaka wa 1988 na watu wakamrudisha mbele ya pazia mara 165, makofi saa 1 na dakika 7. Sisi kinubi hatukuwa nacho, piano ikashika. Lakini basuni tulikataa kuachilia. Kuna mtu alisema ipigwe na filimbi ama kinanda kitoe sauti ya kuiga, na teno wetu akasema yeye haimbi kama haitakuwa ile yenyewe. Wapiga basuni hapa Nairobi ni wachache mno, tulimtafuta huyo kijana kwa simu za watu na watu, akaja, akapiga hiyo mistari yake michache, na ukumbi ambao ulikuwa unabishana na daktari dakika chache nyuma ukanyamaza wenyewe.

Baada ya hapo Adina amenunua ile karatasi ya jeshi, anamrudishia, uko huru. Anakubali anampenda. Belcore anasema sawa, dunia imejaa wanawake. Na ndio habari ya mjomba inamfikia Nemorino mwishoni kabisa, wakati haina kazi tena. Dulcamara anageuka kwa umati anasema mnaona, dawa yangu inaleta mapenzi na inaleta utajiri pia, na kijiji kinanunua chupa zote. Tulinunua. Mimi na meno yangu nilikuwa wa kwanza.

Kitu kimoja hakikunifurahisha na niliwaambia. Ukumbi ulikuwa umekodishwa hadi saa fulani tu, kwa hivyo muziki ulikatwa, na kitu kilikatwa ni wimbo wa kwaya wa kufungua sehemu ya pili, ule wa sherehe ya harusi watu wakinyanyua glasi. Najua saa ni saa na pesa ni pesa. Lakini huo wimbo ndio unaonyesha kijiji kikifurahia harusi ya kosa, na ukiutoa, furaha ya mwisho inapungua uzito. Kama lazima kitu kikatwe, kikatwe kwa Belcore. Kujisifu kwake kumezidi.

Kwa wale wananiuliza kama kuna mtu wetu anafika mbali na hii kazi, ndio, wako. Pretty Yende wa Afrika Kusini anatoka mji mdogo uliokuwa unaitwa Piet Retief, sasa eMkhondo, aliskia opera mara ya kwanza akiwa na miaka 16 kwa tangazo la ndege kwa TV, na mwaka wa 2018 aliimba huyu huyu Adina pale Metropolitan Opera, New York. Soprano wetu ana video zake kwa simu na alikuwa anatuonyesha wakati wa chai, hasa vile anashika pumzi kabla ya kumrudishia Nemorino karatasi. Na hapa nyumbani mwimbaji Rhoda Ondeng' ameisukuma opera kwa miaka mingi, wakati hakukuwa na mtu mwingi wa kumskiza.

Mipango ya sasa ni kuipeleka asubuhi moja kwa watoto wa shule, toleo fupi, na nimeomba foleni ya maji ibaki hata kama kingine kitakatwa. Baada ya hiyo kuna mjadala, wengine wanataka Don Pasquale ya Donizetti huyu huyu, ya 1843, wengine wanataka kinyozi wa Sevilla wa Rossini. Mimi niko upande wa Don Pasquale juu kuna wimbo wa wafanyakazi wa nyumbani, kwaya nzima inasengenya mabosi wao, na sisi hiyo kazi sasa tumeiva.

Shida yetu ni ile ya kila kwaya Nairobi, soprano wamejaa hadi mlangoni na wanaume wa sauti ya juu hawapatikani. Tunatafuta teno. Kama kwaya yenu iko na wawili, muombe mwalimu wenu atuazime mmoja, solfa tutamwandikia sisi.